Difu Iliyopakwa Rangi

Ukiletewa difu ya mtumba imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, usianze kuisifu. Chukua bisibisi, chagua sehemu tatu nne, kwangua mpaka uone chuma. Mwenye mali akinuna, mwache anune. Rangi ya kurudishia haizidi kopo dogo. Mimi siku moja sikukwangua, na ndiyo sababu nawaandikia nyie mnaojifunza kazi hii sasa.

Mtanisamehe, naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la saba, kisha nikaingia chini ya magari, na sikutoka huko mpaka magoti yalipokataa. Hata kuongea sikuwa mwepesi. Gereji yetu ilikuwa Themi, hapa Arusha, karibu na mto, na wenzangu waliniita Kimya. Wateja walipenda. Walisema fundi huyu ana adabu. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe niliamini kwamba aibu yangu ni adabu.

Kwanza tuelewane. Gerejini tukisema difu mara nyingi tunamaanisha ekseli nzima ya nyuma: bomba nene la chuma linalovuka chini ya gari, lile tumbo la katikati lenye meno, na shafti mbili za ndani zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Pikapu za zamani zilitoka kiwandani na difu ya kubebea mizigo ya wastani. Sisi tukazipandisha mlimani na ndizi, mbao, mchanga, na kwaya nzima juu yake. Difu inachoka. Ndipo mtu anakuja na kusema, "Fundi, nitafutie difu ya nguvu."

Aliyenifundisha kuchagua difu ni Fundi Saidi, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kama koleo. Alipanga chumba Kaloleni na alikuwa anakuja kazini kwa miguu, akisema anayetengeneza magari hawezi kuyaamini. Alinifundisha kwanza kutumia vidole, baadaye macho. Akifungua nati ya oili, hakutazama rangi tu. Alichovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akasikiliza. "Ukisikia mchanga, hayo ni meno yanakwisha," alisema. "Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, difu imeogelea mtoni. Ikiwa nyeusi na laini, mtafute mwenyewe umpe mkono, huyo ni mtu mwangalifu."

Kisha alichomoa shafti na kuangalia mistari ile ya mwishoni inayoingia kwenye meno. Mistari ikiwa imenyooka, vizuri. Ikiwa imejipinda kama kamba, shafti hiyo imeshabeba kuliko uwezo wake, na itakatika siku utakayoihitaji. Halafu alifunga uzi kutoka ncha moja ya bomba hadi ya pili na kuinama kuona kama bomba limekunjika. Uzi tu wa kushonea. Nimeona vijana siku hizi wanapiga picha ya difu kwa simu, wanamtumia mtu Dar, wanasubiri jibu. Sikatai. Lakini picha haina vidole.

Jambo jingine ni hesabu ya mizunguko. Weka alama ya chaki kwenye propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka kwenye gia, na kwenye magurudumu. Wawili mzungushe magurudumu yote mawili kwa pamoja duara moja, wa tatu ahesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nyingi, gari litakuwa zito barabarani lakini litapanda mlima na mzigo. Ikizunguka chache, litakimbia kwenye lami na kukuaibisha kwenye kilima cha kwanza. Watu wengi wakisema difu ya nguvu wanataka difu nene. Wembamba na unene si kitu kama hesabu haiendani na injini.

Na mjue nilianza kwa makosa. Mwaka wangu wa pili nilipewa kazi ya kuinua pikapu ya mwalimu mmoja wa Tengeru, ikae juu ipite kwenye mawe. Springi zilikuwa chini ya ekseli, nikataka kuziweka juu. Nikaona nitapunguza kazi: badala ya kukata vikalio vya springi na kuvichomelea upande wa juu, niligeuza ekseli nzima, chini ikawa juu. Ilikaa vizuri kabisa. Nilijisifu moyoni. Mwalimu akapanda, akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi, gari likarudi nyuma likagonga pipa la maji.

Saidi alikuwa anakula muhogo. Hakuinuka.

"Mwalimu," alisema, "kijana wangu amekutengenezea gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Ukienda kwa wakwe, utaondoka haraka."

Mwalimu alicheka mpaka akashika usukani. Mimi nilitaka kuingia ndani ya pipa. Ukigeuza ekseli juu chini, meno yanazunguka kinyume. Sikuwa nimewaza hilo. Saidi aliniambia baadaye, tukiwa wawili, kwamba kosa halikuwa kugeuza. Kosa lilikuwa kwamba nilikuwa na wasiwasi na sikuuliza. "Nilikuona unalizunguka gari mara tatu. Mdomo ulikuwa wapi?"

Ningekuwa nimejifunza siku ile, barua hii ingekuwa fupi.

Mke wangu Elinipa ni wa Ngarenanyuki, ng'ambo ya Momela, upande ule wa Meru ambako watu wanalima nyanya kwa maji ya mfereji. Baba yake, Mzee Eliakimu, alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya kusikika shamba la tatu. Alikuwa na pikapu ya zamani iliyowabebea nyanya nusu ya kijiji chake kwenda sokoni Arusha. Shafti ilikatika mara mbili msimu mmoja, akanitumia salamu kupitia kwa Elinipa: Baba Neema anitafutie difu ya nguvu.

Nasema alinitumia salamu kwa sababu ndivyo tulivyokuwa. Namba yake nilikuwa nayo kwenye simu na sikuwahi kuipiga. Nyumbani kwetu mlimani, kwa sisi tuliolelewa na wazee wa zamani, mkwe humpelekei neno zito kwa mdomo wako. Unamtafuta mshenga, yule aliyewasimamia kwenye posa, na yeye ndiye anakwenda kukaa, anakunywa chai, anazunguka, mwisho anafikisha neno. Mkwe hatahayariki na wewe hutahayariki. Mshenga wangu alikuwa Mzee Zakaria wa Poli. Kila jambo kati yangu na Mzee Eliakimu lilipita kwake, hata nilipotaka kuomba ng'ombe wa maziwa.

Nilitafuta difu kwa wiki tatu. Niliipata moja kwa wauza spea za mtumba, imeota kutu, mbaya kwa sura, imetoka kwenye pikapu ndugu ya ile ya Mzee, hatua moja tu kubwa zaidi. Uzi ulikaa sawa. Oili nyeusi, laini. Mistari ya shafti imenyooka. Hesabu ilikuwa ileile ya zamani. Nikaona nirudi wiki ijayo nihakikishe tena beringi. Ndivyo nilivyokuwa, kila kitu mara mbili, na nyanya hazisubiri. Sikumtumia Mzee neno kwamba nimeshapata.

Asubuhi moja nikasikia sauti yake nje ya gereji. Vijana wawili walikuwa wanasukuma mkokoteni, na juu yake difu nene, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha harusi. Mzee alikuwa nyuma na kofia yake, na wazee wenzake wawili wa kanisa waliokuja mjini pamoja naye.

"Baba Neema, njoo uone chuma."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Usinisalimie mimi tu, isalimie na hii. Imetoka kwenye lori. Hii ndiyo difu ya kiume."

Fundi mwenzangu Joeli, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akaizunguka. "Mzee, ukiifunga hii, pikapu itaanza kudai heshima barabarani."

"Itapewa," Mzee alisema. Akawageukia wenzake. "Mkwe wangu bado alikuwa anatafuta. Huyu anatafuta difu kama alivyotafuta mke. Alikuja kanisani kwetu miaka miwili anamwangalia binti yangu kwa pembe ya jicho, mpaka mama yake Elinipa akaniuliza, yule kijana shingo inamuuma?"

Gereji nzima ilicheka. Nami nilicheka, na huku nacheka nikapitisha mkono juu ya bomba, kama Saidi alivyonizoesha. Upande wa kulia, upana wa kiganja kutoka pale springi inapokaa, vidole vyangu vilipanda kitu. Mwinuko mdogo, laini, unaolizunguka bomba kama pete. Nikarudisha kidole. Ulikuwepo. Mtu alikuwa amelichomelea bomba lile, akasaga mshono kwa msasa, akapaka rangi.

Bomba la difu likichomelewa hapo, ndipo mzigo wote unapokalia. Linaweza kushika mwaka. Linaweza kushika siku moja. Fundi hawezi kujua, na kwa sababu hawezi kujua, analikataa. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu.

"Vipi?" Mzee aliuliza.

Wazee wa kanisa walikuwa wananitazama. Joeli alikuwa ananitazama. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu.

"Ni nzito, baba," nilisema.

Akafurahi. "Mmesikia? Fundi mwenyewe anasema ni nzito."

Niliifunga mwenyewe. Sikumwachia mtu. Nilibadilisha beringi, nikaweka sili mpya, nikakaza yubolti zinazoshika springi kwa mikono miwili, nikafanya kila kitu kwa uangalifu isipokuwa kile kimoja. Mchana wa siku ya kwanza nilimpigia Mzee Zakaria. Nilishapanga: aende Ngarenanyuki, anywe chai, amwambie Mzee Eliakimu taratibu kwamba difu ile ina jeraha na mkwe wako ana nyingine. Simu haikupatikana. Nikampigia mwanawe, akaniambia mzee amekwenda Babati kwa binti yake aliyejifungua, na kule mtandao ni wa kupanda mti. Atarudi baada ya wiki mbili.

Nikasema moyoni, wiki mbili itashika.

Nyumbani nilimweleza Elinipa. Alikuwa anachambua mboga.

"Mwambie baba," alisema.

"Namsubiri Mzee Zakaria."

"Baba Neema, baba yangu hali watu. Mpigie."

"Nitamwambia amenunua kitu kibovu mbele ya wale wazee? Mimi, mkwe wake?"

"Basi nipe simu nimwambie mimi."

"Hapana. Ataona nimemsema kwako."

Akarudi kwenye mboga zake. Hajawahi kunikumbusha mazungumzo yale mpaka leo. Ningependa anikumbushe.

Aliyekuja kuchukua pikapu ni shemeji yangu Anaeli, mdogo wake Elinipa, kijana wa miaka ishirini na mitano, kifua kipana, mwimbaji wa sauti ya nne kwenye kwaya. Nilimpenda kwa sababu alikuwa anaongea kwa niaba yetu wawili.

"Shemeji, msipakie sana wiki hizi za kwanza," nilimwambia.

"Kwa nini? Baba anasema hii inabeba kanisa na mchungaji ndani."

"Springi nimezifungua zote. Zinatakiwa zikae sawa kwanza."

"Matenga mangapi?"

"Nusu ya mnayobeba siku zote."

"Baba hatakubali. Wewe hujui msimu huu nyanya zimekuwa nyingi?" Akanipiga begani. "Usijali. Nitamwambia shemeji amesema."

Hilo la springi lilikuwa kweli kidogo, na ukweli kidogo wa namna hiyo ndio mbaya. Ningekuwa nimedanganya wazi, labda ningeshtuka.

Iliwachukua siku tisa. Waliteremka kutoka Ngarenanyuki asubuhi na mzigo mzima, Mzee akiendesha, Anaeli amekaa juu ya matenga. Walipopita Momela, kwenye mteremko wenye makorongo, bomba lilikatika kwenye mshono. Gurudumu la kulia liliingia chini ya bodi, pikapu ikalala ubavu. Mzee alitoka na mikwaruzo. Anaeli alibanwa mguu kati ya bodi na jiwe. Madaktari walijaribu siku nne, kisha wakaukata chini ya goti.

Nilikwenda na Joeli kuvuta gari. Nyanya zilikuwa bado zimetapakaa, nyani wanazila bila haraka. Nililala chini nikatazama palipokatika. Nusu ya duara ilikuwa na chuma cheupe, kimekatika juzi. Nusu nyingine ilikuwa ya kahawia, imekatika zamani sana, chini ya rangi. Joeli aliona kama nilivyoona. Akainuka, akaenda kufunga mnyororo wa kuvutia.

Mzee Eliakimu alinikuta hospitali, kwenye benchi la nje. Nilimwamkia. Hakuitikia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Baba Neema, wewe ni fundi. Ilikuwa inaonekana?"

Vijana wangu, hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili, na si kila mtu anapewa. Hapakuwa na wazee wa kanisa wala Joeli. Tulikuwa mimi na yeye na benchi.

"Ilikuwa imefunikwa na rangi, baba."

Kila neno hapo ni la kweli. Alitikisa kichwa taratibu.

"Basi ni mimi," alisema. "Niliinunua mimi, nikapakia mimi, nikaendesha mimi."

Nikamwacha aamini hivyo. Mzee Zakaria aliporudi kutoka Babati hakukuwa tena na neno la kumpa apeleke.

Mzee hakushika usukani tena. Pikapu iliuzwa vipande. Aliomba kupumzika uzee wa kanisa, wakamsihi, akakataa. Magongo ya kwanza ya Anaeli aliyachonga mwenyewe kwa mti mgumu wa loliondo, na yalipoisha ncha akachonga mengine, na alikuwa akichota maji ya kuoga ya mwanawe, mtu mzima yule, mpaka Anaeli alipoanza kuamka mapema kumkimbia. Tukiwatembelea, Mzee alikuwa ananikaribisha vizuri. Aliniwekea kiti kizuri. Aliwaambia wageni kwamba mkwe wake alitahadharisha wasipakie sana na yeye ndiye aliyekaidi. Nilikuwa nasikia hayo nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Niliendelea na kazi miaka mingine mingi. Nilikuwa fundi mkali wa kukwangua rangi. Wateja walinilalamikia. Nilikataa difu nyingi, nyingine labda nzima, na niliwaambia wenyewe usoni, awe mchungaji, awe mjumbe, awe mama mkwe wa mtu. Joeli alisema Kimya amepata mdomo. Niliupata kweli, kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Kwa hiyo nawaambia la kiufundi, mlishike kama mnavyoshika spana: difu ukishaigusa, sema ulichokigusa. Sema siku hiyohiyo. Mwambie mwenye gari, si mke wake, si dereva wake, si mtu wa kukufikishia. Heshima yake haiko kwenye difu. Atakasirika saa moja, atakwenda kunywa chai, atarudi.

Mzee Eliakimu tulimzika mwaka jana. Baada ya matanga nilibaki Ngarenanyuki siku mbili. Jioni ya pili, jua bado lipo, nilimfuata Anaeli shambani. Alikuwa anangoja zamu yake ya maji, amekaa kwenye ukingo wa mfereji, magongo pembeni. Sasa ana mke na watoto watatu na ndiye anayelima shamba lote. Nilimweleza yote: kidole changu, pete ile ya mshono, simu ya Zakaria, Elinipa na mboga, springi, benchi la hospitali. Sikuruka kitu. Kwa mtu kama mimi yalikuwa maneno mengi kuliko niliyosema mwaka mzima.

Alisikiliza huku anachora chini kwa kijiti. Nilipomaliza akauliza, "Baba ulimwambia?"

"Hapana."

"Hata alipolala kitandani?"

"Hata hapo."

Akatupa kijiti kwenye maji.

"Ungemwambia yeye, shemeji. Mimi mguu huu niliuzoea mapema sana. Baba hakuzoea."

Jirani aliita kutoka juu kwamba zamu imefika. Anaeli akachukua magongo, akanionyesha kwa kidevu jembe lililolala kwenye matuta. Nikalichukua. Alikuwa anasema fungua hapa, ziba pale, nami nafungua na kuziba, mpaka maji yakafika mstari wa mwisho wa nyanya, ule ulio karibu na migomba. Kaburi la Mzee liko hapohapo, udongo mtupu, bado halijasakafiwa. Nilisimama na jembe mkononi. Nilikuwa nayo yote ya kumwambia, yamepangwa vizuri, na sasa hakuna hata moja ambalo lingenishinda kulitamka.